Koti la Tisa

Jumatatu, 13 Mei
Mvua tangu alfajiri. Cherehani imegoma tena, nikaitia mafuta, ikakubali. Sare za shule kumi na mbili, zimebaki kola. Bura ameamka kabla yangu, amechemsha chai ya tangawizi, amefagia ua uliokuwa safi. Mume mpishi asiye na jiko ni taabu. Jana alinikatia vitunguu vya wiki nzima.

Kambi ya watalii aliyopikia miaka tisa, kule juu karibu na kreta, ilifungwa kwa masika kama kila mwaka. Safari hii hawakumwita arudi. Ujumbe mmoja tu kwenye simu. Hakunionyesha mpaka siku ya tatu.

Jumatano, 15 Mei
Kaenda tena kusoma mbao za matangazo. Ya halmashauri, ya kanisani, ya sokoni. Karudi na matope hadi magotini na habari ya ng'ombe aliyepotea Endabash. Nimecheka, naye akacheka.

Namwambia kila siku: hapa Karatu hoteli hazibandiki tangazo. Mtu anaulizwa kama anamjua mpishi, anasema namjua, basi, kazi imeisha. Yeye hataki. Eti kupita mlango wa nyuma ni kuomba. Nampenda kwa hilo, na linanichosha hilo hilo.

Ijumaa, 17 Mei
Kaka yake, Paulo, amepiga simu kutoka Dar. Kuna nafasi kwenye kantini ya kiwanda. Anataka jibu kabla mwezi haujaisha. Bura kasema atafikiri. Namjua. Akisema atafikiri ameshaamua, anatafuta tu namna ya kuniambia.

Atakuja Krismasi na Pasaka. Mwaka wa pili, Krismasi tu. Nimeyaona kwa majirani. Sitaki aende. Naandika hapa kwa sababu kwake sijaweza kusema.

Jumatatu, 20 Mei
Kazi kubwa imeingia. Wiki iliyopita redio ilisema kuna hoteli njia ya kwenda geti la hifadhi imemaliza vyumba vipya. Leo meneja wake, madam Neema, kaja na vitambaa vyeupe. Makoti tisa ya wapishi. Karatasi ina majina manane na vipimo. Mstari wa tisa mtupu.

"Huyo wa mwisho nitakuletea vipimo vyake," kasema.

Koti lisilo na jina maana yake mpishi hajapatikana. Fundi cherehani ndiye anayejua kabla ya mji mzima. Jina la Bura lilinijaa mdomoni. Nikasema sawa, madam. Nikamfungulia mlango. Mjinga mimi.

Alhamisi, 23 Mei
Nimefanya jambo. Makoti manane yamekwisha. Kitambaa cha tisa kilikuwa mezani, na mabega ya Bura nayajua bila futi ya kupimia. Nikakata. Kitambaa cha mteja, bila ruhusa. Nikashona mpaka vifungo. Nilijiambia koti likiwa tayari na mwenye kulivaa yupo, nani atahangaika kutafuta mwingine?

Miaka kumi na minane ya ufundi, kosa la mwanafunzi. La mke, tuseme.

Jumamosi, 25 Mei
Aibu tupu. Madam Neema kaja na mpishi wa tisa mwenyewe. Hamisi, mtu wa Singida, mnene, mcheshi. Shemeji yake anaendesha gari la hoteli, ndiye aliyemtaja. Akajaribu koti. Likafika mbavuni, likakataa.

"Mama Anjela, hapa ulimpima nani?" madam akauliza.

Nikasema ukweli. Mume wangu. Ni mpishi. Nilitamani.

Nilidhani atabeba vitambaa vyake aondoke. Hamisi akaanza kucheka, si kwa ubaya. Madam hakucheka. Akasema: "Si ungeniambia Jumatatu, mama. Jumatatu sikuwa na mtu." Afadhali angenigombeza. Nitanunua kitambaa kingine, nishone upya.

Nikampima Hamisi. Nilipofika kiunoni nikamuuliza alikuwa anapika wapi zamani, ili tu nisilie. Akasema jiko la vibarua, shamba la kahawa upande wa Oldeani. Ameacha juzi.

Nikasimama na futi mkononi. Mtu akipata kazi huku, ameacha kazi kule. Mbona sikuwahi kulifikiria?

"Sasa huko anapika nani?"

"Hakuna, dada. Na wachumaji wanaingia Jumatatu."

Safari hii sikunyamaza. Nilimwomba pale pale, mbele ya madam. Akampigia msimamizi wa shamba akasema yupo mtu, amepika kreta miaka tisa. Nikamshika mkono kwa mikono yangu miwili.

Jumapili, 26 Mei
Baada ya misa nimemweleza Bura yote. Koti, aibu, shamba. Akakasirika. "Umenishonea koti la kazi ambayo sijaitwa?" Akatoka akaenda kukaa kwenye migomba.

Nikamfuata. Nikamwambia usiende Dar. Sitaki uende. Iwe hoteli, iwe jiko la vibarua, mlango wa mbele au wa nyuma, mimi sijali. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu.

Akasema alidhani mimi ndiye ninayetaka aende. Kwa kuwa nilikaa kimya. Miaka kumi na sita ya ndoa!

Jumatatu, 27 Mei
Kaenda na lori la shamba. Mimi nimeshona mkono wa kulia kushoto, nikafumua, nikarudia kosa lile lile.

Karudi jioni, amechoka, mwiko umemtoa malengelenge. Wamemjaribu kwa ugali wa watu sitini. Amezoea wageni kumi, sahani kubwa na chakula kidogo katikati. Wachumaji wakamwambia wazi kuwa ule ni uji, si ugali. Hajakubaliwa, hajakataliwa. Kesho arudi.

Jumatano, 29 Mei
Madam amechukua makoti yote. La Hamisi limemkaa vizuri. Paulo kapiga mara mbili, Bura hakupokea. Bado yuko kwenye majaribio. Leo ugali haukubaki, kasema. Nywele zake zinanuka moshi wa kuni. Naogopa hata kuuliza.

Ijumaa, 31 Mei
Wamemwandika.

Aliketi kizingitini, akavua viatu, akamtuma binti yetu Anjela alete simu. Akampigia Paulo. Akamshukuru sana, kwa heshima, kama mdogo anavyomshukuru kaka. Akamwambia amepata jiko karibu na nyumbani. Nilisikilizia dirishani, huku mashine nimeisimamisha.

Leo sikumruhusu aguse sufuria. Nimepika maharage mimi, yakashika chini kidogo. Mpishi wa kreta amekula sahani mbili, hakusema neno juu ya chumvi.

Mvua imekatika. Kesho lori linapita saa kumi na mbili asubuhi. Atarudi jioni.