Golikipa Niliyemtaja

Jumatatu, 5 Oktoba 1998
Pindo za suruali tano, zipu mbili. Cherehani inaruka nyuzi tena. Saa sita Mwenyekiti kaja hapa barazani na karatasi zake. Kijitabu cha historia ya timu yetu ya mji. Kitatolewa Jumapili uwanjani, maveterani wakicheza. Kanipa ukurasa wa mwaka tulioshuka daraja. Kichwa: MSALITI GOLINI. Yaani Aloisi, kipa wetu. "Weka saini hapo chini, fundi. Wewe ndiye shahidi."
Nimesema nitasoma kwanza. Nimesoma mara nne.

Jumanne, 6 Oktoba
Niandike basi. Miaka kumi na miwili sijamwambia mtu.
Ilibaki mechi moja. Tukifungwa, tunashuka. Wachezaji walikuwa hawali vizuri, kiwanda kilichotulea chenyewe kilikuwa hoi. Kamati ikaona dawa ni kujua nani anatuuza. Wakanituma kwa mganga, Tarakea. Mimi, mshona namba za jezi.
Sikufika. Nilishukia Himo kwa shemeji, nikanywa mbege, pombe yetu ya ndizi, siku mbili. Nikarudi, wamekaa wananisubiri. "Mganga kasema nani?"
Nikasema: golikipa.
Kwa nini yeye? Wiki ile nilishona namba sita kichwa chini, ikawa tisa. Aloisi akanicheka mbele ya timu nzima. Basi. Hiyo tu. Mpumbavu mimi.
Wakamweka benchi. Kipa wa akiba akafungwa matatu. Tukashuka. Kiwanda kikatuacha, timu ikafa. Aloisi akarushiwa mawe stendi, akarudi kwao Machame. Hajakanyaga uwanja ule tena.

Alhamisi, 8 Oktoba
Nimemwambia Mwenyekiti. Yote. Kacheka! "Nani atanunua kitabu cha ulevi wako?" Halafu kabadilika sura: "Unataka kamati ionekane ya wajinga?"
Ndiyo. Mlikuwa wajinga. Wazee wazima wenye suruali za pasi, nimekuja mbele yenu nanuka mbege, hakuna aliyeuliza. Mlitaka jina, mkapewa jina.
Nimemrudishia karatasi bila saini. Kasema ataweka ya mtu mwingine. Nimepiga meza, sindano zote chini. Nimeziokota moja moja huku natukana.

Ijumaa, 9 Oktoba
Machame. Njiani nimekata jani la isale, lile la kuombea msamaha. Ukiletewa hilo, mila hairuhusu kukataa. Ndiyo maana nililibeba. Mjanja mimi.
Nimemkuta Aloisi kihambani, shamba lake la nyumbani, anang'oa mibuni, eti kahawa haina bei. Kazeeka. Viganja bado vilevile, kama sahani. Nimesema kila kitu nimesimama. Hakunikatisha. Kaliangalia jani, mkono hakunyoosha.
"Mangi," kaniita, "unanipa hapa, mbele ya mbuzi? Hawa hawakuniita msaliti. Kanipe uwanjani."
Mkewe kanitukana kwa Kichagga. Lugha yangu mwenyewe, hakuna neno lililonipita.
Nimerudi na hasira, na yeye pia nimemkasirikia. Nilitaka iishe palepale kwenye migomba, niende zangu. Aibu kuandika hivyo. Lakini ndivyo.

Jumapili, 11 Oktoba
Aloisi kaja. Kavaa koti. Kakaa jukwaani peke yake, watu wananong'ona.
Mapumziko nikaingia uwanjani. Mwenyekiti kaninyima kipaza sauti, nikapiga kelele kwa koo langu. Nimesema Himo. Nimesema mbege. Nimesema namba sita. Nimesema mganga hakuwahi kuniona hata sura. Wamenizomea. "Mlevi! Toka!" Chungwa limenipiga bega. Mke wangu alikuwepo. Alikuwa hajui.
Nikapanda ngazi, nikampa Aloisi jani. Kalipokea kwa mikono miwili. Sikungoja aseme neno.
Vijitabu vimeuzwa, ukurasa ule umo. Mzee mmoja nimemwona anauchana wake taratibu. Mmoja tu.
Kipindi cha pili kipa wa maveterani kaganda kwenye mstari wa goli. Nikasikia sauti kutoka juu: "Toka nje, baba! Utafungwa hapo! Toka!" Ni Aloisi, kasimama. Watu wawili watatu wakasogea karibu naye. Mmoja kamwuliza kitu, yeye kajibu anaonyesha kwa viganja vile.
Mimi nimekaa ngazi ya chini mpaka filimbi.