Ngozi Yangu Imepona Edani

Jumatano, baada ya magharibi. Kaskazi imeingia na joto lake la kunata, na feni inazungusha hewa ya moto tu. Miaka yote msimu huu huwa ni taabu kwangu: shingo inawasha, mikono imejaa vipele kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa, mapaja siyasemi. Mwaka huu sijikuni.

Sijikuni hata kidogo, na leo nimeona aibu kwa sababu hiyo.

Kama unanisoma kwa mara ya kwanza, mimi ni mjane. Mume wangu Salim alianguka kazini bandarini kwa shinikizo la damu, akafika hospitali ameshakata roho. Niko edani katika nyumba yetu ya Chukwani, pamoja na mama yake. Miezi minne na siku kumi bila manukato, bila wanja, bila hina. Zimebaki wiki chache.

Salim alikuwa mtu wa harufu. Tulipooana tu aliniambia, "Kutwa nnanusa dizeli. Nikirudi nataka nikunuse wewe." Basi hiyo ikawa kazi yangu ya kila alasiri, na niliipenda. Nilioga maji ya moto, nikajisugua kwa dodoki na singo, ile ya liwa, karafuu na mawaridi wanayosuguliwa maharusi, mpaka ngozi ikawaka. Somo wangu aliyenifunda alinambia vipele ni uchafu uliojificha, visuguliwe vitoke. Baada ya hapo mafuta ya asumini. Mwisho udi: nilisimama juu ya chetezo na nguo zangu mwilini, moshi ukapanda hadi shingoni.

Vipele vikizidi, nilizidisha kusugua. Nikivipasua kwa kucha, nilivifunika kwa mafuta mengine yenye harufu kali zaidi.

Daktari wa ngozi alishanambia zamani. Acha singo, acha dodoki, acha kila chenye harufu, oga maji ya uvuguvugu, usijikune. Nikamwitikia vizuri kabisa, nikatoka hapo nikaenda zangu Darajani kununua udi. Salim sikumwambia. Yeye alidhani ni joto tu, na akinikuta najikuna kitandani alikuwa akinipepea na gazeti mpaka mkono wake unachoka.

Nilipoingia edani sikuyaacha mambo hayo kwa ajili ya daktari. Niliyaacha kwa sababu dini inataka hivyo. Sabuni isiyo na harufu na maji ya ndoo, basi. Na ngozi ikaanza kupona huku mimi nalia. Chakula hakipiti, macho yamevimba, lakini mikono inazidi kuwa laini. Mwili wangu haukunishauri.

Leo baada ya adhuhuri alikuja shangazi yake Salim kutoka Pemba. Ugonjwa ulimzuia kuja kwenye mazishi. Akanishika mkono kunipa pole, akaugeuza, akausifu, akaniuliza natumia nini siku hizi hata nikatakata namna hii. Hakuwa na nia mbaya, ni mtu wa kusema la kwanza linalomjia mdomoni. Mama mkwe alikuwa pale pale mkekani anachambua mchele. Nikaona vidole vyake vimesimama kwenye ungo.

Mgeni alipoondoka, mama akanifuata hadi mlangoni pa chumba changu. Hakupandisha sauti.

"Mwanangu yumo kaburini," akasema, "nawe wazidi kunawiri."

"Mama, mimi pia nimefiwa."

"Haya," akajibu, akaenda kutia udhu.

Jibu ninalo, ila siwezi kulitoa. Nikitaka kujitetea itanibidi nimwambie mama aliyefiwa kwamba kilichonichubua miaka yote ni kile alichokipenda mwanawe. Ataona namsingizia maiti, na Salim hakunikosea kitu. Nikinyamaza, basi mimi ndiye mke aliyekuwa akisubiri kufiwa ili ang'are. Siku ya kutolewa edani nyumba itajaa wanawake, na wote watanitazama uso kabla ya kunipa mkono. Huyu mama ndiye aliyenilisha uji kwa mkono wake wiki ile ya msiba. Sitaki kumpoteza na yeye.

Nitasema na hili, maana humu ndani sina wa kumwambia. Baada ya laasiri nilifungua kabati. Singo iko pale pale nilipoiacha, kwenye mkebe wake. Nikawaza nijisugue mkono mmoja tu, uwashe, vipele vitoke, mama avione aridhike. Yaani nivunje eda ili nionekane naikalia vizuri! Nikalifunga kabati, nikakaa chini nikalia kwa hasira, na hasira yenyewe sijui ilikuwa ya kumwonea nani.

Sasa nimekaa kitandani na simu hii. Mama anasoma Kurani chumba cha pili, sauti yake inakatikakatika. Nimeamua sitamweleza kitu. Kesho nitakwenda kuketi naye mkekani tuchambue mchele pamoja, na mikono yangu hii hii, aitazame anavyotaka.

Eda itakwisha, na hapo nitaruhusiwa tena udi na singo na mafuta yote ya duniani. Daktari angefurahi kusikia sina haja navyo. Atakayenusa nani?

Lakini najiuliza, na ni swali la kipuuzi: Salim angeufungua mlango huu sasa hivi, ningekuwa na akili ya kumwambia kuwa vitu vile vinanidhuru?

Nisingemwambia. Ningekimbilia dodoki, nikajisugua mpaka nikatoka damu.

Kesho nitaamka tena na ngozi safi.