Maji ya Mara Saba

Msimbati, Ijumaa

Baba Yassini wangu,

Huku tuko salama. Mihogo imekubali, na Yassini akiona kofia yako tu anaita "baba!"

Kuna jambo, ila usishtuke. Bweha alimng'ata mbwa wetu kule shambani. Baadaye mbwa akawa mkali, akamng'ata Yassini mguuni, kisha akafa. Mimi nililia tu. Mama yako alimnyakua mtoto, akamwosha kidonda kwa sabuni na maji ya kumiminika, mara saba, Yassini akipiga kelele.

"Mate ya mbwa ni najisi! Tulia, mjukuu wangu!"

Tukakimbilia zahanati. Muuguzi akasema mbwa yule alikuwa na kichaa cha mbwa, na kinaua.

"Nani kaosha vizuri hivi?"

"Mimi, mwanangu. Nilikuwa naondoa najisi."

"Bibi, umenianzia kazi: sabuni na maji mengi huondoa vijidudu vya kichaa. Sindano zitamalizia."

Imebaki sindano moja, na jana mtoto alikimbiza kuku hadi jikoni. Namwangalia mama yako, moyo unanijaa. Ukirudi, usimcheke tena akiosha mara saba sahani iliyolambwa na mbwa. Mshikie kata, ummiminie maji.

Mkeo akupendaye,
Rehana