Boriti za Jirani Ukutani Mwetu

Mjukuu wangu Maryamu,

Pokea salamu za Kismayo. Sote wazima, na mamako mdogo kajifungua binti, alhamdulillahi.

Waniuliza manispaa imetupaje kibali cha kukarabati nyumba, ilhali hati zilipotea vitani. Nilipokuwa msichana, jirani yetu Msomali alijenga ubavuni mwetu, akakosa pa kuegemeza boriti za dari. Baba akamwambia, "Toboa ukuta wangu." Nilinuna, maana vumbi lote lilijaa chumbani mwangu.

Juzi mwanawe alimwita afisa wa manispaa, akamwonyesha vichwa vya boriti. "Baba yangu aliomba ruhusa kwa mwenye ukuta huu. Bibi huyu ni bintiye."

Muhuri ukapigwa, moyo wangu ukatua. Mafundi wanaanza Jumamosi. Nimewaonya boriti zile wasiziguse.

Bibi yako akuombeaye