Chupa ya Ryoba

Kaka Mniko,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Veronika na watoto hamjambo, na mvua imewaachia mahindi. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku Ujerumani inanionea.

Nimesoma kwamba Mzee Heche amefukia duara lake, lile shimo la dhahabu, na kuturudishia kiwanja mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Unasema kanisani wanamshangilia, eti ametubu. Kutubu! Yule aliyekuja na rashi ya dhahabu, watu walipomiminika kuchimba hapo kwetu Nyarero, akapata kibali kabla hatujajua, akachimba mpaka kaburini kwa Mama na kumwaga mifupa pamoja na kifusi? Waambie wapunguze vigelegele.

Mwanawe Ryoba nasoma naye maabara moja. Tunatengeneza viputo vya mafuta, vya kuonekana kwa darubini tu, vinavyoiga ngozi ya seli, kisha tunabandika juu yake nyuzi za protini, zile zinazoipa seli umbo. Shida ni kwamba viputo na nyuzi vyote vina chaji hasi, kwa hiyo vinakimbiana. Ukitia chumvi ya magnesiamu ya kutosha, vinashikana vizuri. Hilo nimeligundua mimi, na sijamwambia mtu. Nyuzi za Ryoba hazijawahi kushika, na akishindwa Jumatatu mbele ya maprofesa, ufadhili wake unakatwa.

Alinijia analia. Nikamwambia ampigie baba yake simu: kiwanja cha Mama kwanza, msaada wangu baadaye. Hiyo ndiyo toba mliyoisikia kanisani.

Sasa hili usimwambie hata wifi. Jana nilimchanganyia Ryoba chupa yake ya maji ya chumvi kwa ajili ya Jumatatu, akaipokea kwa mikono miwili na kuniita dada. Humo nimetia chumvi ya mezani badala ya magnesiamu. Hiyo haishikishi kitu, na protini yake imebaki ya jaribio moja tu. Najua utasema Heche ametimiza ahadi, na Ryoba hakushika sururu. Ni kweli, Kaka. Lakini kiwanja kimerudi, mifupa ya Mama haijarudi, na Heche naye ana mtoto mmoja tu wa kujivunia. Sina huruma, wala siitafuti.

Wabusu watoto kwa niaba yangu, na majirani wote wape salamu. Mzee Heche pia usimpite. Mwambie Ryoba hajambo, anajiandaa kwa bidii.

Mdogo wako akupendaye,
Robhi