Pikapu Zilizomnyamazisha Bibi Yako

Mjukuu wangu Nassir,

Marahaba. Bibi yako hajambo, mguu umepoa, anakuulizia kutwa. Lakini swali lako limenishtua! Eti gitaa lako ulitie pikapu, vile visumaku vya kunasa sauti ya nyuzi, za koili mbili zenye nguvu kubwa au ndogo?

Mimi ujanani nilitia zenye nguvu kubwa, nikaenda nazo kwenye taarabu ya harusi, mtaa wa Mpendae. Aliyeimba ni bibi yako, nami nishaposa kwao. Gitaa likanguruma, nikajiona mfalme. Mara nikashangaa: mbona hainuki hata mwanamke mmoja kwenda kumtunza pesa? Kwetu watu hutunza maneno. Ubeti ukiwagusa, hawakai vitini.

Nikageuka. Lahaula! Bibi yako amekaa, mkono shavuni, ananitazama. Alishaacha kuimba tangu ubeti wa pili, na mimi niliyekuwa ubavuni pake sikujua!

Tulipokuwa tukifunga vyombo akaniuliza taratibu, “Na tukishaoana, utanisikia?”

Kesho yake asubuhi nikatia zenye nguvu ndogo. Hazijatoka mpaka leo, naye hajaacha kuimba.

Babu yako