Kwa Mke Niliyemgawana na Chemchemi

Mke wangu mpendwa,

Wiki iliyopita Mama Furaha, aliyekuwa makamu wako kwenye komite ya maji, alikuja hapa nyumbani na wenzake. Walikaa kwenye viti ulivyovinunua wewe, wakanywa chai yangu isiyo na ladha, kisha wakaniomba jina lako. Ruhusa ya kukusifu hawakuihitaji, hiyo walishajichukulia zamani. Redio ya mjini imekusifu, chifu wa kartye, mtaa wetu huu, amekusifu, hata padri amekutaja kanisani kwa sababu ya maji safi ya Mudzipela. Sasa walitaka jina. Siku ya salongo, mtaa mzima ukitoka na majembe kwa kazi ya pamoja, fundi angepiga sementi mpya kwenye ukuta wa chemchemi, na kabla haijakauka angeandika juu yake jina la mwanamke aliyeitengeneza.

Nilikataa. Nakuambia mapema ili usidhani kifo chako kimenibadilisha. Nina wivu kama zamani, tena umeota mizizi.

Unakumbuka wiki yako ya kwanza katika nyumba hii? Ulikuwa umetoka Fataki na shangazi yako, mmekimbia na vitu vya kubeba kichwani tu, nami nilikuoa kabla hujazoea kelele za motari, pikipiki za abiria, barabarani. Nilikutuma maji bondeni, ukarudi na bidon tupu. Nikauliza kama maji yamekauka.

"Mayi iko," ulisema, "lakini batu banaiharibu. Kwetu Fataki mutu hawezi kutumbukiza sufuria ya masizi mu chemchemi. Hapa banafulia mpaka nepi!"

Nilicheka. Nikakuambia hapa ni mjini, utazoea. Mwenda kwao haachi mila, wanasema, lakini wewe hata kwenu hukwenda, ulileta kwenu hapa. Kesho yake ulisimama chini bondeni na kumzuia mwanamke wa watu asichovye sufuria yake nyeusi. Mlikaribia kupigana. Mwanamke huyo alikuwa Mama Furaha.

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Baadaye kukawa na komite, na changarawe, na udongo wa mfinyanzi wa kufunika jicho la maji, na mabomba mawili yaliyotoka ukutani, na mfereji uliochimbwa upande wa juu ili maji ya mvua yasishuke na uchafu wa vilima. Na kukawa na choo cha Papa Zakaria, jirani yetu, ambacho kilikuwa juu kabisa ya chemchemi. Wengine walitaka kumpeleka kwa chifu. Wewe ukaanza kwenda kwake kila jioni kumsaidia mke wake kumenya maharage. Choo hukukitaja hata mara moja. Ulimenya maharage ya watu mpaka Papa Zakaria mwenyewe akaona haya, akachukua jembe na kuchimba choo kingine mbali. Mtaa ulikupigia vigelegele. Mimi jioni zote hizo nilikula peke yangu, na hakuna aliyekuja kunimenyea chochote.

Mungu hakutupa mtoto, kwa hiyo hukuitwa Mama Fulani kama wenzako. Wakakuita Mama Presidente. Mimi nikawa mume wa Presidente, na vijana wa motari walinisalimia hivyo huku wakicheka. Nami nilicheka, ila moyoni niliungua.

Wanaume wengine hunusa kwenye nguo za mke wao manukato ya mtu. Mimi nilinusa klore, dawa ya maji. Kipindupindu kilipopita mjini ulikuwa unasimama pale chemchemini na bomba la sindano, unatia dawa katika kila bidon kabla haijafungwa, kuanzia alfajiri mpaka jua la utosi. Ulirudi mikono imebabuka, ukanigusa shavu, na harufu ile ikaingia kitandani pamoja nasi. Kama mpinzani wangu angekuwa mwanaume ningemngojea njiani. Lakini maji utayapiga ngumi wapi?

Kisha nikajaribu kuwa rafiki yake. Nilipanda kalitusi kuizunguka chemchemi yote, miche niliyoinunua mwenyewe, kwa sababu kwetu mtu akipenda mahali hupanda kalitusi. Ndiyo kuni, ndiyo nguzo, ndiyo mpaka wa shamba, ndiyo dawa ya kifua. Ulinishika mkono mbele ya komite ukasema, "Muzee yangu alifanya muzuri." Siku hiyo nilitembea Mudzipela nzima kifua mbele. Miti ilirefuka haraka. Kiangazi kilipofika bomba moja likanyamaza, na la pili likabaki likitoa maji membamba kama uzi. Bidon zilipangwa mstari mpaka barabarani.

Ulikuja na panga. Hukumtuma mtu, ulikuja mwenyewe, ukasimama mlangoni.

"Hii miti inakunywa mayi ya batoto," ulisema. "Tunaenda kuikata. Kuya tukate wote."

"Miti yangu?" nikauliza.

"Hakuna mutu alijua. Komite ilikubali, siye wote tulifurahi. Sasa siye wote tunakata."

Mimi sikwenda. Nilikaa ndani nikisikia zawadi yangu ikianguka, mti mmoja baada ya mwingine, na kila pigo nililihesabu kuwa lako. Uliporudi nikakuambia ukalale huko huko na chemchemi yako. Ukalala hapa, umenipa mgongo. Nguzo za miti ile mkajengea uzio wa kuzuia mbuzi, ambao umesimama mpaka leo. Mvua ziliporudi ulinivuta kwa mkono mpaka bondeni nione mabomba yote mawili yakijaa. Wewe ulitazama maji. Mimi nilikutazama wewe ukiyatazama, nikawaza kwamba jicho lile hujawahi kunipa.

Ndipo homa ikaja, nayo haikuchelewa.

Kwenye matanga yako wamama wa Mudzipela waliingia uani kila mmoja na bidon kichwani. Walizipanga ukutani, wakasema mpaka matanga yaishe hakuna mtu wa nyumba hii atakayeteka maji. Walikuosha kwa maji ya mabomba yako. Mimi niliketi nje kwenye mabenchi pamoja na wanaume, kama ilivyo desturi, nikiwasikia ndani wakilia, "Mama Presidente, unatuachia nani?" Nilitaka kusimama na kuwaambia huyo ni mke wangu, mnaomlilia hamjui hata alivyopenda kulala. Nilitaka watoke wote niachwe nawe angalau kidogo. Hakuna aliyetoka. Hata kaburini walinitangulia.

Kwa hiyo Mama Furaha alipotaka jina, nilimwambia aandike Jeanne, la ubatizo, limo kwenye kadi.

"Papa, ba Jeanne iko wengi pale chemchemini," alijibu. "Tukiandika Jeanne, kila mumoja atasema ni yeye. Tunataka jina yake yenyewe, ile ya nyumbani."

Unajua alichoomba. Jina alilokupa nyanya yako kule Fataki, ambalo mjini hapa alilijua mtu mmoja tu. Nililiita gizani, nililiita tulipogombana, nililiita ulipokuwa huwezi tena kuitika. Kila kitu chako kingine kilikuwa cha watu. Nikamwambia jina la mke wangu si la kuwekwa ukutani, wafulia nepi walisome.

Nilitegemea akasirike, maana ulimi wake unaujua. Aliweka kikombe chini.

"Papa, weye unalia muke yako," alisema. "Na siye tunalia nani? Presidente? Mutu analia presidente? Kila siku tunateka mayi yake na hatujue namna ya kumuita."

Waliondoka. Siku zilizofuata sikulala vizuri, na kosa ni lako, kwa sababu ulipaswa kuolewa na mtaa mzima ukaniacha mimi nitafute mke mwingine wa kawaida.

Jumamosi, siku ya salongo, nilikwenda. Nilichukua jembe, nikazibua mfereji wa juu pamoja na Papa Zakaria, ambaye sasa ndiye mkali kuliko wote kuhusu vyoo. Fundi alipomaliza kulainisha sementi, alishika msumari akanitazama. Watu wote wakanitazama. Nikalitamka jina lako kwa sauti. Tangu nikuzike nilikuwa sijalitamka. Fundi akaliandika, akaniuliza herufi, nikampa moja moja, na kila herufi niliona uchungu kama mtu anayetoa mali yake nyumbani kwa mkono wake mwenyewe.

Wamama wakaanza kulijaribu mdomoni. Wakaliimba, wakaliita kwa vigelegele. Wivu ulinipanda mpaka nikachukua jembe langu niende zangu. Tayari wameshaiita chemchemi kwa jina hilo, "twende kwa fulani tukateke", kama vile unaishi pale na mlango wako uko wazi.

Nilikuwa nimefika kwenye uzio. Nyuma yangu, karibu na bomba, mwanamke mmoja akaliita jina lako kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayemwita jirani yake.

Mke wangu, niligeuka. Niligeuka haraka, jembe likaanguka, nikakutafuta kati yao.

Pumzika. Mimi ninayekuonea wivu hata sasa,

Mume wako.